Zima Sauti, Toa Kipaza: Filamu na Mjadala wa Haki Mtaani Bukoto



Nimeombwa nizungumzie namna filamu na mjadala vinavyoweza kutusaidia kuchambua ustawi wa jamii, haki na siasa. Nitaanza na jioni moja ya hapa hapa Bukoto, Kampala, kwa sababu karibu kila nitakachosema nilikipata pale.

Tulikuwa tumetundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani, nyuma ya duka, upande wa barabara inayoteremka kwenda Kisaasi. Projekta ilikaa juu ya kreti mbili za soda. Mlangoni mama mmoja alikuwa anakaanga chapati na mayai, na kila upepo ulipogeuka moshi wa jiko lake ulipita mbele ya mwanga, shuka likawa kama lina ukungu. Filamu ilikuwa Queen of Katwe ya Mira Nair, iliyotoka mwaka 2016, kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyejulikana duniani kwa mchezo wa sataranji. Tulikwisha kuionyesha mara moja kabla ya hapo. Mara ile ya kwanza, ilipoisha, tuliwasha taa tukauliza, "Haya, mmejifunza nini?" Wakatujibu kama watoto mbele ya mkaguzi wa shule: elimu ni ufunguo, tusikate tamaa, wazazi wawatunze watoto. Wakapiga makofi, wakaenda zao. Niliporudi nyumbani nikafungua daftari, sikuona neno hata moja ambalo nisingeweza kuliandika mwenyewe kabla hata sijatoka.

Mara ya pili tulichukua kipande kimoja tu. Mnakikumbuka: mtoto wa Harriet, mama yake Phiona, amegongwa na pikipiki, mama anamtoa hospitali bila kulipa, na wakirudi wanakuta hawana tena pa kulala kwa sababu kodi haikulipwa. Tulikionyesha na sauti yake, kisha tukakirudisha mwanzo, tukazima sauti, tukatoa kipaza. Tukasema: sasa VJ, yule mwenye kuisemea filamu kibandani, ni nyinyi. Wasemeeni hawa watu.

Kijana wa boda boda alijitolea kuwa Harriet. Alimwombea mama yule kwa Kiganda kitamu hata watu wakaanza kuguna kwa huruma. Kisha mwanamke mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wake mapajani, akaomba kuwa mwenye nyumba. Sisi hatukujua kwamba ana vyumba vitano vya kupangisha, vile tunavyoviita mizigo. Hakumtukana Harriet. Alimweleza. Choo kinajaa, mimi ndiye ninayemlipa anayekinyonya. Chama cha mikopo hakiniulizi kama mpangaji ana mgonjwa. Nami nina mtoto shuleni, naye anarudishwa nyumbani akikosa ada. Picha ikaisha kabla hajamaliza, akaendelea kuzungumza na shuka tupu.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na haukwisha hadi mwenye duka alipotuomba tumruhusu afunge.

Ninachotaka kusema katika mada hii ni hiki: filamu haifundishi haki. Inaweka watu mbele ya jambo moja kwa wakati mmoja, basi. Kinachofundisha ni mtu kuchukua nafasi ya yule asiyemfikiria kila siku, akalazimika kumtafutia maneno. Na ufundi huo Kampala tunao tangu zamani, katika sehemu mbili ambazo hatujaziunganisha: kibanda cha video na ekimeeza, ule mjadala wa redio wa hadharani.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika chini ya Meja L. A. Notcutt. Zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: mmoja anaficha fedha zake ardhini zinaibwa, mwingine anaziweka posta zinabaki salama. Mtazamaji aliachiwa njia moja tu, awe kama yule mwerevu. Swali la mshahara wa kibarua, kwamba ni mdogo kiasi gani na kwa nini, halikuwa na mahali pa kuingia. Watazamaji walichunguzwa, miitikio yao ikaandikwa, na ripoti ikachapishwa 1937. Ninapoona fomu zetu za tathmini, zenye vile visanduku vya kutia alama, huwa nalikumbuka lori lile. Sisemi hili kumlaumu mtu. Fomu hizo nimezigawa mwenyewe kwa miaka.

Kibanda cha video kilizaliwa bila ripoti. Ubao wa chaki nje wenye majina ya filamu za siku, mabenchi, pazia zito mlangoni, na sauti ya VJ inayofunika sauti ya mwigizaji. Tanzania walikuwa na Lufufu wao, aliyezitia filamu za kigeni Kiswahili hata watu wakawa wanamtafuta yeye kuliko nyota wa filamu. Hapa tuna VJ Jingo, VJ Junior, na VJ Emmie ambaye sauti yake iliipeleka Who Killed Captain Alex?, filamu ya Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga hapa Kampala, kwa watazamaji wa nchi ambazo hazijui Wakaliga iko wapi. VJ mzuri hatafsiri tu. Anamkatiza mwigizaji, anamtania, anamwambia mtazamaji kwamba huyu jambazi anafanana na diwani fulani. Mtazamaji wa kibandani anajua tangu utotoni kwamba picha ni kitu kimoja na maneno yaliyowekwa juu yake ni kitu kingine, na kwamba mwenye kipaza ndiye anayeamua tunamcheka nani. Hiyo ni elimu ya siasa. Vyuo vikuu huihangaikia muhula mzima.

Upungufu wa kibanda ni kwamba kipaza ni kimoja na hakishuki kwenye mabenchi.

Ekimeeza kilikuwa kinyume chake. Neno lenyewe ni meza yetu hii ya Kiswahili iliyovaa Kiganda, ikawa meza kubwa ya kukaliwa na wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Radio One walikuwa wakirusha mjadala wao wa Jumamosi moja kwa moja kutoka Club Obbligato, na CBS, redio ya Ufalme wa Buganda, walikuwa na wao kwa jina la Kiswahili: Mambo Bado. Mtu alijiandikisha, akangoja zamu yake, akasimama na kusema mbele ya waziri au mbunge aliyekaa meza ya jirani. Septemba 2009, serikali ilipozuia ziara ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kwenda Kayunga, Kampala ikawaka, watu wakapoteza maisha barabarani, redio zikafungwa, CBS ikiwa mojawapo. Mijadala ya hadharani ya moja kwa moja ikapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani mwaka uliofuata. Ekimeeza hakikurudi.

Wengi wetu tuliokuwa vijana wakati ule tulipoteza kitu ambacho hatukukipa jina. Nadhani ni mazoea ya kumsikiliza usiyekubaliana naye huku ukijua utampata zamu ikifika. Ekimeeza nacho kilikuwa na kasoro: wasemaji hodari walikuwa walewale, wanaume wengi, na mada kubwa kubwa za katiba na uchaguzi zilimfanya mama wa chapati aone haya kuzungumzia choo. Ndiyo maana naitaka filamu. Picha ya mama aliye barabarani na godoro lake inamshusha msomi kutoka kwenye vifungu, na inamwinua yule asiye na vifungu, maana wote wawili wameona godoro lilelile.

Turudi uani. Baada ya yule mama mwenye mizigo kusema, mpangaji mmoja aliuliza kama sheria inamruhusu mwenye nyumba kukutoa usiku. Tulikuwa watu kama 40, na hakuna aliyejibu kwa uhakika. Uganda ina Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Inasema mpangaji hatolewi bila amri ya mahakama, na kodi isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nilipowasomea hayo, wapangaji walishangilia. Mwenye mizigo akauliza kesi inachukua muda gani mahakamani, na nani anamlipa katika miezi hiyo. Shangwe ikatulia. Hatukuwa na jibu, na sikulitunga.

Kisha mzee mmoja, aliyekaa kimya muda wote, akasema sisi tunabishana na mwenye vyumba vitano, lakini yeye alitolewa na serikali. Alikuwa mpangaji katika nyumba za Naguru, hapo juu ya kilima, zile zilizojengwa enzi za Mwingereza kwa wafanyakazi. Julai 2011 familia zaidi ya 1,700 za Nakawa na Naguru ziliondolewa ili pajengwe mji wa kisasa. Alieleza jinsi alivyobeba mlango. Siyo vyombo: mlango, kwa sababu aliununua mwenyewe. Bado anao.

Hapo mazungumzo yalihama yenyewe. Hatukuwa tena tunauliza nani mbaya katika filamu. Mtu akauliza kwa nini mtoto akigongwa na pikipiki familia nzima inapoteza paa. Ndilo swali lenyewe la ustawi wa jamii, nalo lilitoka kwa kijana wa boda boda. Ada za matibabu katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, lakini kila aliyekuwepo alikuwa na kisa cha kuambiwa akanunue glavu na dawa nje. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge mwaka 2021, ukakwama bila kuwa sheria. Wakati ule wazee wenye miaka 80 na zaidi walikuwa na posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Mzee wa mlango alikuwa na miaka 74.

Si kila filamu itafungua hivyo, na nyingine zinataka tahadhari. Tulipoonyesha sehemu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, kuhusu sangara wa Mwanza, watu waliona minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya na mifupa ikikaangwa kwa ajili ya wenyeji. Mwanza wanaiita mapanki, Kisumu mgongo wazi. Hapa Kampala pia tunayajua. Lakini filamu ile ina kisa cha pili. Mwaka 2006 Rais Kikwete wa Tanzania aliilaani hadharani, yakafuata maandamano Mwanza kuipinga, na huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon akahoji hasa madai yake kuhusu silaha. Kwa hiyo tuliwaomba watazamaji wagawane: wengine wamsemee mvuvi, wengine msindikaji wa samaki, wengine rais anayeona nchi yake imechafuliwa, na wengine mtengeneza filamu. Waliomsemea rais walitoa hoja nzito kuliko nilivyotarajia. Aliyejaribu kumsemea mvuvi aligundua kwamba katika kipande kile mvuvi hakuwa amepewa maneno mengi. Hilo nalo ni jambo la haki: nani anaonyeshwa na nani anasema.

Kuhusu woga. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma ya 2013, watu wengi wanaamini kila mkusanyiko ni kosa hadi polisi wakubali. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 8, kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano, lakini habari hiyo haijafika uani. Sisi humwarifu mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, tunamkaribisha, na tunampa zamu kama wengine, si hotuba ya kufungulia. Haturekodi. Simu zinakaa mifukoni. Kuna ndugu watakaosema mfadhili anataka picha. Mpeni picha ya shuka na projekta, sura za watu ziacheni.

Lugha nayo ina uzito wake. Bukoto mtu anaanza sentensi kwa Kiganda, anaimalizia kwa Kiingereza, na jirani yake aliyetoka Kivu anajibu kwa Kiswahili. Wapo wazee ambao Kiswahili kinawakumbusha vizuizi vya barabarani enzi za Amin, na hatuna haki ya kuwaambia wasahau. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likaamua mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini amri haiondoi kumbukumbu. Nilichoona ni kwamba kipaza kikiwa mkononi mwa mama Mkongo anayemsemea Harriet kwa Kiswahili, hata wazee hao husogeza mabenchi mbele. Mimi sitafsiri mara moja. Namwacha amalize, ndipo mtu wa kwenye mabenchi anawaeleza wenzake alivyoelewa, na mwenyewe anasahihisha.

Kwa atakayetaka kujaribu: vipande viwe vifupi, dakika tano au sita, na vichaguliwe na watu waliokuja wiki iliyopita. Mwezeshaji asikae karibu na shuka. Yule anayesema kila mara apewe kazi ya kuendesha projekta.

Yule mama mwenye mizigo alirudi Jumamosi iliyofuata, mapema, tukiwa bado tunafunga nyaya. Alileta daftari la risiti na akaomba tumsomee tena kile kifungu cha amri ya mahakama, polepole, anakili. Akaandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya daftari. Kisha akaniomba nimwonyeshe kipande kile mara moja zaidi, sauti ikiwa juu, kwa sababu siku ile alikuwa anatafuta maneno yake mwenyewe na hakumsikia vizuri mwenye nyumba wa kwenye filamu. Nikamwonyesha. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama hicho ndicho chote alichopewa kusema.

Nikamwambia ndicho chote.

Akasema basi leo angependa kuwa Harriet.