Mtunguja Upewe Kipimo

Msikilizaji, katika malisho na kando za njia huku kwetu Gusii humea kichaka cha miiba chenye matunda madogo yanayogeuka manjano yakiiva. Kwa Kiswahili ni mtunguja. Jirani zetu Wajaluo hukiita ochok. Mizizi yake hutafunwa kutuliza jino, na maji ya tunda hupakwa kwenye vidonda. Ni ndugu wa nyanya, viazi na managu, lakini tunda lake lina sumu, na mbuzi na kondoo huweza kudhurika wakilila. Hoja yangu ni kwamba tiba na sumu hukaa katika mmea huu mmoja, na kinachozitenganisha ni kipimo. Basi mtunguja usitukuzwe wala usidharauliwe kabla ya kupimwa.

Wapo watakaosema wazee waliutumia na hawakudhurika. Wazee hao walikuwa na mafundi. Ababari wa Gusii, waliopasua fuvu la kichwa kutibu maumivu yaliyotokana na majeraha, walifunzwa kazi hiyo kabla ya kuachiwa mgonjwa. Mtu anayenunua chupa isiyo na maelezo sokoni Ekerenyo ameipata dawa bila ujuzi ulioilinda. Wengine watasema haya ni mambo ya kishamba. Hao wakumbuke kwamba kemikali ya solasodini, inayopatikana katika mimea ya jamii hii, imetumika viwandani kutengenezea homoni, na kwamba mwaka 2015 Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel kwa dawa ya malaria iliyotokana na mmea wa tiba za kale.

Hofu yenye uzito zaidi ni ya wizi: mganga akifichua siri yake, mwingine atatajirika. Ndiyo maana Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, na ikazipa kaunti jukumu la kuyasajili. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inazitambua tiba za asili, na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina kituo cha kuzitafiti. Kaunti za Nyamira na Kisii ziwasajili waganga kwanza, ndipo dawa zao zipelekwe maabara. Nawe msikilizaji, usinywe mtunguja kwa kukisia, na ukifika hospitalini mwambie daktari dawa uliyotumia.