Kabla ya Kisu na Baada ya Mshono: Yanayoamua Hali ya Mgonjwa Aliyepasuliwa Saratani ya Mapafu

Mada kwa semina ya wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Mutakura, Bujumbura



Huenda wapo wanaojiuliza mada hii inatafuta nini hapa Mutakura, wakati upasuaji wa aina hii mgonjwa wetu mara nyingi huufuata mbali: Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, au India kwa aliyejaliwa uwezo. Nimeileta hapa makusudi. Zile saa chache za chumba cha upasuaji zina uzito wake, na nitazigusa. Lakini sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa kabla mgonjwa hajapanda gari, na nyingine baada ya kurudi nyumbani. Nyakati zote mbili yuko mikononi mwetu, sisi wa maeneo ya Cibitoke, Kamenge na Kinama.

Kikohozi kinachochelewa

Jambo la kwanza, na kwa maoni yangu linayazidi mengine yote, ni hatua ambayo ugonjwa umefikia siku unapogunduliwa. Takwimu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi kwa ajili ya toleo la 8 la mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani ya mapafu zinaonyesha kwamba uvimbe usiozidi sentimita 1, ambao haujasambaa, huwaacha hai wagonjwa 92 kati ya 100 baada ya miaka 5. Ugonjwa ukigunduliwa umefika hatua inayoitwa IIIA, wanabaki 36. Hakuna kisu cha daktari yeyote kinachoweza kuziba pengo hilo.

Tumfuate basi mtu wa makamo wa mtaa huu, wa mfano tu. Anakohoa. Anapewa amoksilini kituoni, kikohozi kinatulia kidogo, kinarudi. Makohozi yanapimwa, wadudu wa kifua kikuu hawaonekani. Picha ya kifua ina kivuli upande wa juu. Anaanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi 6, kwa sababu hapa kwetu kivuli cha namna hiyo mara nyingi ni kifua kikuu kweli. Aliyemwandikia dawa alikuwa na sababu. Tatizo ni kwamba baada ya hapo hakuna anayeuliza tena. Mwezi wa pili unapita, uzito unaendelea kushuka, makohozi yana michirizi ya damu, na sote tunamwambia avumilie amalize dozi. Miezi 6 inautosha uvimbe wa pafu kuongezeka ujazo maradufu, na aina nyingine huongezeka zaidi ya hapo.

Kwa hiyo naomba tukubaliane hivi: mtu aliyeanza dawa za kifua kikuu bila wadudu kuonekana, na ambaye hajapata nafuu miezi 2 ya kwanza inapokwisha, asiachwe kuendelea hivihivi. Apelekwe kwa daktari, apigwe skana, na ikibidi achukuliwe kinyama cha pafu kikapimwe. Mhudumu wa afya wa mtaa ndiye anayemwona mtu huyu kila wiki dukani na msikitini au kanisani. Anajua suruali imeanza kumpwaya kabla hospitali haijajua.

Kifua kikuu kina madhara mengine ambayo hayasemwi sana. Mtu aliyewahi kuugua na kupona hubaki na makovu: pafu limegandana na ukuta wa kifua, na tezi zilizo kando ya mishipa mikubwa ya damu zimekuwa ngumu kama kokoto. Daktari anayempasua hulazimika kubandua pafu polepole, damu humwagika zaidi, na pafu huendelea kuvuja hewa siku nyingi baada ya upasuaji. Historia ya kifua kikuu iandikwe kwenye barua ya rufaa, pamoja na mwaka na muda wa matibabu. Mstari mmoja tu, lakini humwezesha daktari kuagiza damu mapema na kupanga muda wa kutosha.

Je, pafu litakalobaki litamtosha?

Akipatikana na saratani ambayo haijasambaa, swali linalofuata ni kama mwili wake utahimili kuondolewa sehemu ya pafu. Hospitali kubwa hupima nguvu ya pumzi kwa mashine, kisha hukadiria uwezo utakaobaki. Ukishuka chini ya 40% ya ule wa mtu wa kawaida wa umri na kimo chake, hatari inapanda. Kipo pia kipimo kisicho na gharama, nacho kinakubalika katika miongozo ya kimataifa: kupanda ngazi. Anayepanda kimo cha mita 22 kwa mwendo wake bila kusimama, yaani kama ghorofa saba, kwa kawaida anafaa kupasuliwa. Mutakura nyumba zetu nyingi ni za chini, ngazi ndefu hatuna, lakini tunaweza kumuuliza mgonjwa anatembea kutoka wapi hadi wapi kabla hajasimama kuvuta pumzi, na jibu tukaliandika.

Uwezo huo unaweza kuongezwa. Wiki za kusubiri fedha na hati za safari zisiwe wiki za kulala. Jiji letu lina desturi nzuri ya mazoezi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi. Mgonjwa aanze kwa kutembea nyuma ya kundi, kila siku kidogo, sio Jumamosi peke yake. Ale vizuri: maharage, ndagala (dagaa), mayai. Aliyekonda na kuishiwa damu kidonda chake hakifungi upesi, na vijidudu humshinda. Umri peke yake usimfungie mtu mlango. Mzee wa miaka 72 anayelima na kutembea anaweza kustahimili kuliko mtu wa miaka 50 ambaye moyo wake umechoka.

Na sigara. Aache mara moja, ikiwezekana angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, na asiirudie. Pafu la mvutaji hujaa makohozi, na makohozi yaliyokwama huleta nimonia siku ya tatu au ya nne. Hapa nataja kisa ambacho kila muuguzi wa kifua angefaa kukijua. Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham aliondoa pafu zima la kushoto la daktari mwenzake, James Gilmore, aliyekuwa na saratani. Gilmore aliishi miaka mingine kama 30. Graham, aliyekuwa mvutaji, mwaka 1950 alichapisha pamoja na Ernst Wynder utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, naye akaacha kuvuta. Alifariki mwaka 1957, kwa saratani hiyohiyo. Mgonjwa wake alibaki hai baada yake.

Moshi wa jikoni nao tusiusahau. Wanawake wengi waliokaa kwenye moshi wa mbabura, jiko la mkaa, tangu utoto hawajawahi kugusa sigara, na kikohozi chao hupuuzwa kirahisi kwa sababu hiyo.

Chumba cha upasuaji

Hapa nitapita haraka. Kuondoa pande moja la pafu ni salama kuliko kuondoa pafu zima, na pafu zima la kulia lina hatari kuliko la kushoto. Kwa uvimbe mdogo usiozidi sentimita 2, utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2022 umeonyesha kuwa hata kukata kipande kidogo kuliko pande kunatosha. Kupasua kwa kamera kupitia matundu madogo hupunguza maumivu. Hospitali inayofanya upasuaji huu mara nyingi huwa na vifo vichache kuliko inayoufanya mara mojamoja. Familia inapochagua pa kwenda iulize hilo, pamoja na bei na umbali. Njia nayo hubadilika: mpaka wa nchi kavu na Rwanda ulipofungwa Januari 2024, njia fupi ya kwenda Kigali ilikatika.

Chupa, pumzi na homa

Mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa na mpira kifuani unaoishia kwenye chupa yenye maji. Maji hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Akikohoa, mapovu hutoka. Ndugu anayemuuguza, akitaka kupiga deki, huinyanyua chupa na kuiweka kitandani. Maji yanaweza kurudi kifuani. Chupa ikae chini ya kifua wakati wote, hata mgonjwa anapokwenda chooni. Na kama mapovu bado yanatoka, mpira usibanwe: hewa itakosa pa kutokea na kulikandamiza pafu na moyo.

Apewe dawa ya maumivu ya kutosha. Sisi huku tunasifu uvumilivu, lakini anayeogopa maumivu hakohoi, na asiyekohoa hupata nimonia. Siku ya kwanza aketi kitini, ya pili atembee. Apulize kwa mrija ndani ya chupa ya maji yenye kina cha sentimita 10, mara kadhaa kila saa akiwa macho. Akirudi kwa ndege, picha iwe imeonyesha kwamba hewa iliyobaki nje ya pafu imekwisha, kisha zipite siku 7. Akirudi kwa basi, ashuke na kutembea kila linaposimama, damu isije ikaganda miguuni.

Akifika nyumbani kisha akapata homa, tafadhali tusikimbilie dawa ya malaria pekee. Apimwe malaria, ndiyo, lakini kifua kisikilizwe na picha ipigwe siku hiyohiyo, maana usaha unaweza kuwa umejikusanya pale pafu lilipoondolewa. Homa yenye kikohozi cha maji mengi yenye rangi, hasa akilala upande mmoja, ni dharura: huenda mshono wa njia ya hewa umeachia.

Mwisho, karatasi. Kabla hajaondoka hospitalini aombe majibu ya kinyama, ripoti ya upasuaji na skana kwenye diski, vyote kwa maandishi. Majibu hayo ndiyo yanayosema kama kingo za sehemu iliyokatwa zilikuwa safi na kama tezi zilikuwa na ugonjwa, na kwa hiyo kama anahitaji dawa za saratani. Dawa hizo zikihitajika kwa kawaida huanza ndani ya wiki chache, kabla ya miezi 2 kuisha. Skana hurudiwa kila miezi 6 kwa miaka 2, kisha kila mwaka. Tarehe ya skana ya kwanza iandikwe kwenye daftari la mhudumu wa mtaa wake, kando ya jina lake, siku anayorudi.