Ulimi wa Imamu Ghazali



Mtu atungaye kasida, aandikaye kitabu au asimamaye mimbarini huwa na wasikilizaji wawili: hadhara iliyoketi mbele yake, na dhamiri iliyomo kifuani mwake. Hadhara hulipa upesi, dhamiri hukawia. Ndiyo sababu hupatikana mtunzi abadilishaye beti zake kwa kumtazama aliyechinja ng'ombe wa karamu. Asichekwe sana. Imamu Abu Hamid al-Ghazali naye aliitumikia hadhara miaka mingi.

Alizaliwa Tus, nchi ya Khurasani, mwaka 1058. Alisoma Nishapur kwa Imamu al-Haramain al-Juwayni hata mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085, kisha akaingia katika baraza la Waziri Nizam al-Mulk, ambako maulamaa walishindana kwa hoja mbele ya wakubwa. Ghazali akawashinda. Mwaka 1091 Waziri akampa kiti cha ualimu katika Madrasa ya Nizamiya, Baghdad, na wanafunzi 300 wakamsikiliza. Wanachuoni wengi huuomba utukufu kama huo hata wakaingia kaburini hawajaupata.

Lakini alipoipekua nia yake, kama alivyosimulia baadaye katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal, aliona kuwa kilichomsukuma ni jaha na kuenea kwa jina. Akaazimia kuondoka, asubuhi alitaka, jioni azma ikavunjika. Alitaabika hivyo karibu miezi sita, tangu Rajabu ya mwaka 488 wa Hijra, yaani 1095. Hatimaye ulimi ukafungwa. Alijikaza afundishe japo siku moja, apate kuwaridhisha waliomjia, wala neno halikutoka. Chakula nacho kikakataa kushuka. Waganga wakasema maradhi yameanzia moyoni, hapana dawa ila moyo utulie.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Ulimi ule haukufungwa kwa uchache wa elimu. Maneno yalikuwa tele. Aliyekosekana ni mwenye kuyasema, kwa kuwa aliyekuwa akisema siku zote ni yule aliyetakiwa na Baghdad.

Akagawa mali, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatangaza kwamba aenda Makka, hali nia yake ni Shamu. (Hata katika kuondoka aliwachelea watu, alihofu Khalifa na marafiki wasije wakamzuia.) Akakaa Damascus karibu miaka miwili, akijifungia katika mnara wa msikiti. Akaenda Baitul Mukaddas. Na huko al-Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahimu, akaweka nadhiri tatu: asiende kwa mtawala, asipokee mali yake, wala asibishane kwa ajili ya kushinda.

Katika miaka ya safari hiyo ndipo alipotunga Ihya Ulum al-Din, chenye vitabu 40 ndani yake. Kimoja chalaumu jaha na ria, na msomaji hutambua kuwa mwandishi wake aliugua ugonjwa huo. Aonyesha jinsi ria inavyojificha katika wembamba wa mwili, katika nguo yenye viraka, hata katika sauti inayoshushwa wakati wa kusoma. Kisha akaandika Kimiya-yi Sa'adat kwa Kiajemi, lugha ya kwao, ingawa wakati huo wanachuoni walitafuta sifa kwa Kiarabu.

Si wote waliopendezwa. Mwaka 1109, mwenyewe yungali hai, Ihya ilichomwa moto Kurtuba katika nchi ya Andalusi.

Mwaka 1106 aliitwa tena kufundisha, Nishapur, naye akakubali. Walikuwapo waliouliza: mbona amerudi kitini? Jibu lake ni kwamba zamani aliita watu kwenye elimu ya kupatia jaha, na sasa awaita kwenye elimu ya kuiachia. Baadaye akarejea Tus, akawa na madrasa karibu na nyumba yake. Katika siku zake za mwisho, yule aliyesikilizwa na watu 300 aliketi na wenye Hadithi, akawasikiliza, hata alipofariki mwaka 1111.