KINYOZI HAJINYOI



Jioni ya leo hatukuja kuwahubiria, tumekuja kuungama. Mwanzoni mwa mwaka sisi vijana wa tawi tulibandika ukutani karatasi yenye mambo kumi tuliyoazimia kuyafanya kila siku: kuamka alfajiri, kusoma kurasa kumi, kuandika kila senti itokayo mfukoni, kuacha sigara, kuwahi mikutano, na mengineyo. Tuliyaanza yote siku moja. Juma la pili halijaisha, karatasi ile imekuwa pambo la ukuta. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sisi tulishika kumi!

Basi tukatafuta vitabuni tuone wenzetu walifanyaje. Tukamkuta Benjamin Franklin, mpiga chapa wa mji wa Philadelphia, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1706. Katika ujana wake aliandika tabia njema alizotaka kuwa nazo, jumla yake 13: kiasi katika kula na kunywa, utaratibu, bidii, ukweli, haki na nyinginezo. Hakuzivamia zote kwa pamoja. Alitengeneza kijitabu chenye safu saba za siku za juma. Kila juma alikaza macho kwenye tabia moja, na kila jioni akatia alama nyeusi penye kosa. Majuma 13 yakiisha, huanza upya, hata kwa mwaka akazunguka mara nne. Alifuta na kuandika mpaka karatasi zikatoboka, akahamia kwenye kurasa za pembe ya ndovu. Na hata hivyo, utaratibu ulimshinda, alikiri mwenyewe.

Somo la kwanza ndilo hilo, ndugu. Mazoea mengi yawezekana, lakini huingia mlangoni moja moja. Na alama nyeusi si aibu. Aibu ni kuificha.

Liko somo la pili, nalo ni zito zaidi. Tabia ya nane katika orodha ile ilikuwa Haki. Lakini mtu huyo huyo alipata kuwa na watumwa nyumbani mwake, watu wa asili yetu, na gazeti lake likachapa matangazo ya kuuza watu. Kijitabu kilimhesabia makosa madogo ya kila siku, na kosa hili kubwa likakaa miaka mingi. Kwa nini? Kwa sababu mtia alama na mtiwa alama walikuwa mtu mmoja. Mwaka 1787 ndipo alipokuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa, na mwaka 1790, miezi michache kabla ya kufa, akatia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani dhidi ya utumwa.

Hata unyenyekevu haukuwamo mwanzoni. Tabia zilikuwa 12, mpaka rafiki yake mmoja alipomwambia kwa upole kwamba watu wanamwona mwenye majivuno. Ndipo akaongeza ya 13.

Nasi yalitufika. Mama mmoja wa tawi hili alitutaka tumsomee karatasi yetu. Tulipomaliza akasema, "Wanangu, mmeandika kuwahi mkutanoni. Mbona hamkuandika kunyamaza sisi wazee tunaposema?" Tulicheka, kisha tukaona haya. Kumi yote yetu, na hilo halikuwamo!

Basi karatasi ile tumeibandua. Sasa kila mmoja wetu ana daftari, na kila juma tunashika jambo moja tu. La kwanza ni lile la mama: kusikiliza. Na kila Jumamosi hatutii alama wenyewe. Kila mtu humpa mwenzake daftari, naye aandike alichokiona.

Tunawaomba nanyi mjaribu. Anayetaka kujirekebisha na achague jambo moja, kisha amtafute mtu asiyemwogopa. Kinyozi hajinyoi, ndugu zetu.