Kusoma Kiingereza Katika Shule za Sekondari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu, Mutuka, Babati)



Mtoto wa huku huanza nyumbani kwa Kigorowa, au Kiiraqw, au Kirangi. Shule ya msingi ya serikali humfundisha kwa Kiswahili, kama ilivyoamriwa mwaka 1967. Kisha aingiapo sekondari hukuta hesabu, jiografia na elimu ya viumbe zote kwa Kiingereza. Asipoweza kusoma, hakosi somo moja tu, bali karibu yote.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walichunguza shule za Tanzania, wakaona wanafunzi wengi hawawezi kufuata masomo kwa lugha ile. Kuanzia 1987 Uingereza ikasaidia mpango wa kuzipa shule vitabu vyepesi vya hadithi. Shauri lile lilikuwa jema.

Basi msimpe mtoto kitabu kigumu kwa ajili ya fahari. Kama kitabu ni kimoja na watoto ni sitini, mwalimu asome kwa sauti. Maneno mawili matatu magumu yaelezwe kwanza kwa Kiswahili, wala si aibu. Kesho yake kipande kile kiandikwe katika karatasi kubwa, nao wakisome wawili wawili. Tena sanduku la vitabu lisifungwe kwa kuogopa kuchakaa. Mwanafunzi mmoja ashike daftari la kuazima.

Na mwalimu wa jiografia asiseme Kiingereza ni kazi ya mwenziwe. Naye aanze kipindi chake kwa kusomesha aya moja.