Tukikagua Bwawa la Mchanga, Tuhesabu na Wanyama

(Mazungumzo kwa kamati za maji na vikundi vya mwethya, Mwingi, wakati wa kujitayarisha kwa ukaguzi wa mabwawa ya mchanga)

Najua wengi mmetembea mbali na jua ni kali, kwa hivyo nitasema machache halafu tutaulizana maswali.

Tunajitayarisha kukagua mabwawa yetu ya mchanga na kingo za mito tulizopanda miti na nyasi. Fomu tuliyonayo inauliza ni familia ngapi zinachota maji, akina mama wamepunguziwa saa ngapi za kutembea, miche mingapi imeshika, matuta mangapi yamechimbwa. Hayo yote ni ya maana. Lakini fomu hiyo haina hata mstari mmoja juu ya wanyama wa porini. Leo naomba tuongeze ukurasa huo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wanyama ni mali, tena ni gharama. Vyote viwili havimo kwenye daftari letu.

Mto mkavu una wenyewe

Mito yetu si kama Tana. Tyaa, Enziu, Thua, hii ni mito ya msimu. Mvua ikinyesha maji yanashuka kwa kishindo, halafu unabaki mchanga mtupu. Watu wa Ukambani walijua zamani kwamba maji hayajaisha, yamejificha chini. Kazi hii ya mabwawa ya mchanga imefanyika kwetu kwa miaka mingi. Kule Utooni, upande wa Machakos, marehemu Joshua Mukusya alianza na kikundi chake mwaka wa 1978. Hapa Kitui shirika la SASOL, pamoja na wananchi, limejenga mabwawa zaidi ya 500 tangu 1995. Mawe yale ni nyinyi mlibeba.

Mnajua linavyofanya kazi. Ukuta unakingama mto mahali penye mwamba, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta kwa misimu kadhaa. Kati ya punje za mchanga ule maji yanakaa, kiasi cha asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wake. Jua haliyafikii sana yakiwa chini, na mbu hapati mahali pa kutagia.

Lakini kabla yetu, mchanga huo ulikuwa na wateja. Tembo huchimba mto mkavu kwa mguu na mkonga, akinywa na kuondoka, wengine wanakuja kunywa kwenye shimo lake. Nyani naye huchimba. Kanga na kwale hungoja zamu. Kwa hivyo mahali tunapopaita mradi, wanyama wanapajua kama kisima chao tangu zamani. Na sisi tuko karibu nao. Juu ya Tseikuru kuna Hifadhi ya Mwingi, iliyotengwa mwaka wa 1979 ikiitwa Kitui Kaskazini, kilomita za mraba 745, nayo inapakana na nchi ya Kora na Meru. Wanyama hawasomi ramani wala mabango.

Faida tusizifiche

Tuanze na mazuri. Mchanga ukishika maji, miti ya kando inabaki mibichi wakati wa kiangazi. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2016, uliotumia picha za setilaiti za nchi yetu hii kavu ya Kenya, ulionyesha kwamba mimea karibu na mabwawa ya mchanga ilistahimili ukame na ikarudi upesi kuliko mahali pasipo na bwawa. Mti ukiwa mbichi, ndege ana kiota, nyuki ana maua na maji, na digidigi ana kivuli.

Tukumbuke ule ukame ambao mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Mwezi wa Novemba 2022 serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba mwaka huo Kenya ilipoteza tembo 205, pundamilia wa kawaida 381 na nyumbu 512 kwa sababu ya ukame. Shimo moja la maji mahali panapofaa si jambo dogo wakati kama huo.

Hasara nazo tuzitaje

Sasa yale mengine, ambayo mtu akiandika ripoti kalamu inakuwa nzito.

La kwanza, tunafunga visima. Tunazungushia miiba ili punda na mbuzi wasichafue maji, au tunajenga kisima cha pampu na kufunika. Kwa afya ya watoto ni vizuri, na mimi nitaendelea kuhimiza. Lakini tukifunga vyote kutoka ukuta hadi ukuta, tumemfungia mnyama mto mzima. Mnyama mwenye kiu hafi hivi hivi akinyamaza. Anaenda kwenye tangi, kwenye shamba la tikiti maji, kwenye boma.

La pili, tumepanda chakula pale pale penye maji. Sukuma wiki, nyanya, maembe kando ya bwawa, na matuta ya mtama na wimbi juu yake. Kwa nyani na tumbili hiyo ni hoteli. Kwelea-kwelea nao wana maji na mtama mahali pamoja. Mama aliyebeba mawe ya ukuta ndiye anayekesha akipiga debe, na mtoto wake anakosa shule kufukuza nyani. Mbona gharama hiyo haimo kwenye fomu?

La tatu, wako wadogo ambao hatuwaoni. Kabla ya ukuta, baadhi ya mito yetu ilikuwa na vidimbwi vya mawe vya vyura, kaa na kereng'ende. Mchanga ukijaa, vidimbwi vinazikwa. Utafiti wa mabwawa matatu ya mchanga nchini Tanzania, uliotolewa mwaka wa 2020, ulionyesha kwamba wadudu wa majini hawapati makao mazuri kwenye mchanga wa aina moja. Chura anakula mbu na nzige, kwa hivyo si jambo la kucheka.

La nne, usafi wa kupita kiasi. Tunafyeka kila kichaka cha ukingoni na kupanda nyasi za Napier au mikaratusi kwa mistari. Huko Kirinyaga na Nyeri kuna ndege mdogo anayeitwa kwa jina la Hinde. Hapatikani nchi yoyote duniani ila Kenya, na katika nchi ya mashamba amebaki kwenye vichaka vya mabonde, hata vile vya mwinikulu vinavyoonekana kama takataka. Ukifyeka, umemfukuza. Na miti ya kigeni tuwe macho nayo. Mathenge uliletwa kuokoa nchi kavu, leo waulizeni watu wa Baringo na Tana River.

La tano, maji yanakusanya wanyama, na wanyama wanakusanya wawindaji. Mitego ya waya hutegwa kwenye njia ya kwenda kunywa. Kama bwawa letu limegeuka mahali pa mitego, ni juu yetu kujua.

Tukague namna gani

Hatuhitaji mashine. Mchanga wenyewe ni daftari. Jioni mnalainisha ukanda wa mchanga kwa tawi, hatua kama tano upana, kukata mto. Alfajiri kabla ya ng'ombe kufika, mnasoma nyayo mkiwa na mzee anayezijua. Fanyeni hivyo mahali patatu: kwenye bwawa, juu yake, na chini yake mbali kidogo pasipo na ukuta. Bila kulinganisha, hatujui kama mnyama amekuja kwa sababu ya bwawa au alikuwa akipita tu. Rudieni asubuhi tatu mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekaza, na tena mwezi wa Januari baada ya mvua ya Oktoba hadi Desemba.

Kisha hesabuni visima vya mchangani: vingapi vimefungwa, vingapi viko wazi, na kila kimoja kiko umbali gani na shamba la karibu. Tafuteni mitego. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtu mmoja asikilize vyura na aandike kama wapo.

Halafu daftari la uharibifu: tarehe, mnyama gani, mmea gani, sehemu gani ya shamba, usiku mangapi wa kukesha, na nani alikesha. Waulizeni akina mama wakiwa peke yao, kwa maana mbele ya kamati wengi husema tu tunashukuru kwa mradi. Na waulizeni wazee ni mnyama gani alikuwa akinywa hapa zamani na sasa haonekani.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia. Mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa kwenye sheria, familia inaweza kudai shilingi milioni 5. Mimea na mifugo hulipwa kwa bei ya soko, lakini madai yanapitia kamati ya kaunti na yanataka ushahidi, tena wataangalia kama mwenye shamba alijikinga. Nyani na tumbili hawamo kwenye orodha hiyo. Kwa hivyo hasara ya nyani hakuna atakayeilipa. Njia ni kuizuia.

Tukishajua, tufanye nini

Kila bwawa liache kisima kimoja wazi au birika la maji kwa ajili ya wanyama, upande ulio mbali na mashamba na njia ya watoto. Mashamba ya mboga yakae pamoja upande mmoja ili mlinzi mmoja atoshe. Upande wa pili tuache kichaka kisimame, pamoja na mikuyu. Wazee wetu waliiacha, hasa ile ya mathembo, na tunaona ilivyoshika kingo.

Wale wa karibu na tembo, fikirieni mizinga. Kule Sagalla, Taita, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Hesabu za miaka tisa zilizotolewa mwaka wa 2024 zinaonyesha kwamba karibu tembo watatu kati ya kila wanne waliokaribia walirudi. Lakini ukame ukikaza nyuki wanahama, na ulinzi unapungua. Sisi ni watu wa mizinga tangu mababu, na bwawa la mchanga linaweza kumpa nyuki maji.

Na kwa mabwawa yanayokuja, maswali haya yaulizwe kabla ya mawe kubebwa. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi ya mabwawa ifanyiwe tathmini kwanza na ukaguzi baadaye. Isiwe karatasi ya kupelekea NEMA tu.

Najua wengine wananiuliza kimoyomoyo: mama, tukiandika hasara, wafadhili si watakimbia? Mimi naona hivi. Ripoti yenye mazuri matupu haimsaidii yule mama anayekesha, kwa maana hakuna atakayetoa pesa za birika wala mizinga kwa tatizo ambalo halijaandikwa. Akichoka ataacha shamba, na bwawa likikosa wa kulitunza ukuta hauchukui miaka mingi.

Basi tukikutana kwenye mto, kila kikundi kije na daftari, kalamu, tawi la kulainisha mchanga, na mzee mmoja au mama mmoja anayejua nyayo. Sasa maswali.