Siku Zisizotiwa Alama kwenye Kipande



Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakapanuka, yakahitaji watu wengi kuliko waliokuwapo. Wakaletwa wanaume kutoka Kigoma, Njombe, Songea, hata Ruanda-Urundi. Kuanzia 1944 uandikishaji wao ukashikwa na ofisi ya wenye mashamba, SILABU. Wafanyakazi hao ndio walioitwa manamba.

Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, nafasi moja inatiwa alama. Ukishikwa na homa, au jua likazama kabla mafungu ya majani ya mkonge hayajatimia, siku hiyo haimo. Mtu aliishi siku nyingi, akahesabiwa chache.

Nakileta kipande hapa kwa sababu wengi wetu tunaoitwa Wakristo tunacho moyoni. Tunasema: Nikishajenga. Nikishapandishwa cheo. Watoto wakishamaliza chuo, hapo nitakuwa na nafasi ya kukaa na Mungu. Siku zilizo katikati tunaziona kama hazimo. Hata mbingu tumeifanya siku ya mshahara, na siku hizi wapo wahubiri wanaoahidi mshahara huo uje mapema, wa gari na nyumba. Mahubiri hayo yananisikitisha, maana yanamfundisha muumini kuidharau Jumanne yake ya kawaida, ambayo ndiyo aliyopewa.

Someni Marko sura ya 5. Yairo anamwita Yesu nyumbani. Bintiye yu mahututi. Kama kuna safari isiyostahili kucheleweshwa, ni hiyo. Njiani mwanamke aliyeugua miaka 12 anagusa vazi la Yesu, anapona. Yesu angeweza kuendelea na safari, kwani uponyaji umekwisha kufanyika. Anasimama. Anauliza ni nani, anamngoja ajitokeze, anamsikiliza aeleze habari zake zote. Fikirieni Yairo amesimama pale, kila dakika ikimchoma. Habari za msiba zinafika wakati huo huo. Kwa Yesu, yule mama hakuwa kikwazo cha safari; alikuwa mtu wa kusikilizwa. Na kwa Yairo pia Yesu alifika.

Hapa lazima niseme jambo, nisije nikaeleweka vibaya. Mjamzito anayetolewa kijijini usiku kupelekwa hospitali ya Kwamkono hahitaji mhadhara juu ya uzuri wa njia, anahitaji kufika. Aliyebeba ndoo miaka yote Handeni akingoja maji ya Mto Pangani yasukumwe hadi kwake ana haki ya kuyaona yanatoka bombani. Kuyapamba mateso ya njiani ni dhambi. Paulo naye alikaza mwendo kuelekea mwisho, wala hakuona haya kusema hivyo. Ninachokataa ni kufika kwa kumpita aliyeanguka, na kuishi miaka 40 kana kwamba haijaanza.

Manamba walijua bila kufundishwa kwamba siku za katikati nazo ni maisha. Wengi walikuja kwa mkataba, nia ikiwa kurudi. Wapo ambao hawakurudi. Wakaoa kwa Wazigua, Wabondei na Wasambaa, wakalima vishamba, wakazikana, wakasali kambini Jumapili pamoja na watu ambao lugha zao hawakuzijua walipoteremka kwenye treni. Hayo yote hayakutiwa alama kwenye kadi yoyote. Wajukuu zao leo ni watu wa Korogwe kabisa.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa vyuo vyetu vya theolojia. Tumeandika sana habari za maaskofu na misheni zao, na ilistahili. Sasa wapelekeni wanafunzi kwenye mashamba ya mkonge ya Magunga na Ngombezi, wakae na wazee waliokulia kambini, wafungue madaftari ya ubatizo na ndoa palipo nayo, waulize nani alimzika nani, na nani aliongoza ibada padre alipokuwa mbali. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Waanze likizo hii.